Tupeane uzoefu: ulikubali lini kwamba selimundu ya mtoto, ugonjwa wa damu wa kurithi, haiondoki?

Mwanzisha mada: Binti yangu wa miaka 13 ameniuliza kama naye atakwenda shule ya bweni Makete alikosoma dada yake. Makete ni baridi, na sote tunajua baridi huwaamshia watoto hawa maumivu makali, nami nilikosa jibu. Mlifanyaje nyinyi?

Mama Pacha: Haidroksiyurea, dawa ya selimundu, ilipomkubali mwanangu alimaliza miezi kumi bila kulazwa, nami nikaamini amepona. Nilisimama kwenye mkesha nikatoa ushuhuda, kisha nikaacha kumpa dawa, kwa kuwa niliona kuendelea nazo ni kukosa shukrani. Miezi miwili baadaye aliamka usiku akilia mgongo na kifua, pumzi zikimkaba, na hospitali ya kwanza tuliyofika muuguzi alisema watoto hawa wamezoea sindano za maumivu, tukakaa kwenye benchi hadi alfajiri. Aliongezewa damu chupa mbili. Alipopata nafuu aliniuliza, "Mama, nimemkosea nani?"

Baba Salma: Yalitukuta haya haya. Pole sana, mama.

Mjoli: Dada, usimsingizie Mungu. Wangu anaombewa na dawa anameza.

Mama Pacha: Sikumsingizia, kaka. Nimeeleza kosa langu mwenyewe.

Mgogo: Kwa nini mkubali? Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu.

Baba Salma: Ndugu yangu, anatakiwa ndugu wa tumbo moja ambaye uloto wake unaoana na wa mgonjwa. Wangu wawili walipimwa, hakuna aliyeoana naye. Nyumbani tulinyamaza wiki nzima.

Miaka34: Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Nilikuwa nikiitwa mvivu, hadi daktari aliponieleza kwamba chembe zangu nyekundu za damu huishi siku 10 hadi 20, ilhali za wenzangu hufika 120. Siku hiyo niliacha kujilaumu kwa kuchoka mchana, nikachagua uhasibu badala ya ualimu wa michezo. Mama, muulize binti anataka nini hasa huko Makete.

Mama wa Njombe: Mpeleke, akiwa na masweta na barua kwa matroni. Wangu alimaliza kidato cha nne huku.

Mjoli: Asiende. Si kila mwili unafanana.

Mwanzisha mada: Nimemuuliza. Anataka tranka lenye jina lake na kitanda cha juu. Jumamosi tunakwenda kuangalia shule ya bweni Morogoro, karibu na kliniki yake.