Polisi wakibeba kompyuta, utajuaje data haijachezewa?

Wakuu, polisi wakibeba kompyuta ya mtu kama ushahidi, baadae atajuaje hawajapachika faili au kufuta kitu? Maana ikishatoka mlangoni ndo basi, mpaka mahakamani.

Jibu 1: Mkuu dai heshi, yaani namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data yote, kama alama ya kidole ya diski. Mtaalamu anatakiwa akopi diski nzima biti kwa biti kupitia kifaa cha kuzuia chochote kisiandikwe kwenye diski hiyo, halafu apige heshi, mfano SHA-256 inakupa herufi na tarakimu 64, ukigusa hata nukta moja kwenye faili moja inakuja tofauti kabisa. Uchunguzi ufanyike kwenye kopi, diski yenyewe ipigwe sili. Na hiyo heshi iandikwe mapema, ubaki na nakala, ikipigwa wiki kadhaa baadae haithibitishi chochote kuhusu kilichotokea katikati, na hapo ndo watu wanaumizwa.

Jibu 2: Afisa akiiwasha tu "aangalie kidogo" keshavuruga, Windows ikiwaka inaandika logi (kumbukumbu za matukio) na kubadili tarehe za mafaili kibao. Ila kama imekutwa inawaka kuizima ovyo nako ni tatizo, vya kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vinapotea.

Jibu 3: Kwenye SSD (diski za chipu, zisizo na sahani inayozunguka) muwe makini, ikipata umeme inaweza kuendelea kujisafisha sehemu zilizofutwa, heshi ikabadilika bila mtu kugusa kitu. Kwahiyo ulizia pia rejista, nani kaishika, saa ngapi, kamkabidhi nani, sili namba ngapi.

Muulizaji: Asanteni sana, kama mtu hayupo wakati wanakopi, anaruhusiwa kuomba mtaalamu wake arudie heshi?

Jibu 1: Aombe kupitia wakili, mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa.