Kikundi: Wajukuu wa Bi Rukia, Kibokoni

JUMAPILI

[19:06] Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum nyote. Naomba msome, msipite tu. Ni habari ya nyumba ya Nasra huko Leicester. Mwaka wa pili hana chumba tena cha chuo, kwa hivyo yeye na wenziwe wanne wamepata nyumba ya kupanga. Ejenti ataka mdhamini. Mwisho Ijumaa.

[19:07] Shangazi Zuhura: Mdhamini awe yuaishi Uingereza na mshahara wake uonekane.

[19:07] Shangazi Zuhura: Mwajua wenyewe huko tuna nani.

[19:31] Shangazi Zuhura: Mmesoma, tiki za buluu naziona. Mbona kimya?

[19:33] Shee: Waalaykum salaam shangazi. Mimi nitamdhamini. Nina bodaboda na kuku watatu

[19:33] Mwanaisha: Wawili. Mmoja tulimla Ijumaa 😂

[19:34] Shee: Basi dhamana imepungua

[19:35] Shangazi Zuhura: Shee, leo sitaki.

[19:41] Mjomba Athman: Kwani Faraj hawezi kutia saini? Si ndiye babake?

[19:44] Nasra: Waalaykum salaam. Samahanini kwa usumbufu. Baba alijaza fomu, wakaikataa. Mtu akiwa Mombasa, kodi isipolipwa watapata taabu kumdai kwa mahakama ya huku.

[19:46] Mjomba Athman: Alipe miezi sita mbele basi. Wangapi wamefanya hivyo.

[19:49] Nasra: Zamani ndiyo. Tangu tarehe 1 Mei 2026 sheria imebadilika England. Mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla hujaingia. Imetungwa kumlinda mpangaji, lakini sisi tusio na mdhamini ndio imetubana.

[19:50] Mjomba Athman: Wamemlinda mpaka akalale nje.

[19:52] Mwanaisha: Kodi yenyewe pesa ngapi?

[19:53] Nasra: Pauni 480 kwa mwezi kila mtu. Nyumba nzima 2,400.

[19:55] Shee: 480 mara 170 na kitu... ELFU THEMANINI?? Kwa chumba? Kwa pesa hiyo Kizingo wapata nyumba, upepo wa bahari na mlinzi wa kukubebea mikoba

[19:56] Mwanaisha: Mimi Tudor nikisoma, mdhamini wangu alikuwa nambari ya simu ya mama tu. Kodi ikichelewa siku mbili, mwenye nyumba hanigusi mimi, ampigia mama. Mama alipa kwa M-Pesa huku atukana.

[19:57] Shee: Ile ndiyo dhamana. Haina fomu

[19:57] Mwanaisha: Na siku moja alimpigia mama saa tisa za usiku eti nimeacha taa ya choo 😂

[19:58] Shangazi Zuhura: Mambo ya taa wekeni kando. Twaha. Najua wasoma. Twaha!

[20:30] Shangazi Zuhura: Nimempigia, simu yalia tu.

[22:48] Twaha: Waalaykum salaam. Nilikuwa zamu. Nasra mwanangu, hiyo fomu yasema mdhamini adhamini nini? Sehemu yako au nyumba nzima?

[22:50] Nasra: Asante ami. Natuma picha, kurasa nne. Mimi naona wameandika "wapangaji wote kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Sikuelewa vizuri.

[22:54] Twaha: Maana yake mkataba ni mmoja, mwautia saini watano. Mmoja wenu akiacha chuo Januari akaenda kwao, sehemu yake haifutiki, yawaangukia mliobaki. Mkishindwa, ejenti hamfuati aliyeondoka. Amfuata mdhamini aliye karibu na mwenye mshahara. Hapo si pauni 480 tena, ni 2,400.

[22:55] Twaha: Pili, kwa sheria hiyo hiyo mikataba ya mwaka mmoja haipo tena, sasa yaenda mwezi kwa mwezi. Dhamana isiyo na tarehe ya mwisho yaweza kunifuata mpaka umalize chuo uolewe.

[22:56] Shee: Bwana arusi aje na mahari na kodi

[22:56] Shangazi Zuhura: Nasra si mtu wa kutoroka deni. Umemlea mwenyewe alipokuwa mdogo.

[22:58] Twaha: Sikumtaja Nasra. Hata mwenye Nissan sikumdhania.

[22:58] Mwanaisha: Lo

[22:59] Shangazi Zuhura: Twaha, hayo si ya humu.

[23:03] Twaha: Na haya mengine mbona ni ya humu? Mkitaka saini mwaniita mbele ya ukoo mzima. Sako ilipokata akiba yangu yote kwa mkopo wa Nissan niliomdhamini Faraj, pesa nilizokuwa naweka tangu siku ya kwanza bandarini, hakuna aliyeitisha kikao.

[23:04] Shangazi Zuhura: Kiliitishwa. Wewe hukuja.

[23:04] Twaha: Kiliitishwa siku nasafiri.

[23:07] Shee: Ami Faraj anaandika

[23:11] Shee: Ameacha

JUMATATU

[05:52] Faraj: Assalaam alaykum. Sikulala. Gari ilikufa injini kabla haijalipa hata nusu, Twaha ajua, fundi alikuwa wake. Sikula pesa ya mtu. Lakini huyu ni mtoto, msimtie kwenye yetu.

[07:48] Mjomba Athman: 🌹 IMESAMBAZWA MARA NYINGI: Faida saba za kunywa maji ya ndimu kabla ya chai 🌹

[08:15] Shangazi Zuhura: Shukran mjomba. Tuendelee. Nasikia kuna kampuni huko zakubali kukudhamini.

[08:21] Mwanaisha: Zipo. Mwalipa ada na hairudi, hata kama mtoto amelipa kodi yote. Na kodi isipolipwa, wao walipa halafu wakudai wewe.

[08:26] Mjomba Athman: Dhamana ya kulipwa ina maneno kwa wanazuoni. Ulizeni kwanza.

[08:30] Shangazi Zuhura: Tutauliza. Nasra, na chuo je? Vyuo vingine vyamsimamia mwanafunzi aliyetoka nje.

[09:02] Nasra: Nimewaandikia tangu wiki iliyopita, hawajajibu.

[10:20] Mwanaisha: Bibi ameniita nimshikie simu arekodi. Msiseme ni mimi niliyemsomea, aliuliza mwenyewe.

[10:22] Mwanaisha: 🎤 Sauti, 1:48

[10:31] Mwanaisha: Walio kazini, nimewaandikia: "Mimi Rukia. Nimesomewa yote, hata kuku. Mwaizungumza saini kama ni wino tu. Mtume amesema mdhamini ndiye mlipaji. Twaha alilipa. Kwa hivyo Faraj, sako hawakudai, washachukua chao. Akudaiye ni ndugu yako. Nilinyamaza miaka yote hii nikidhani mtasema nyinyi wenyewe. Zuhura, usimsukume Twaha kwa jina langu, sikukutuma. Nasra, soma, usilie. Faraj, mpigie ndugu yako. Usimwandikie humu. Mpigie."

[10:58] Shee: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[11:40] Salma wa Likoni: Subhanallah.

[13:15] Faraj: Nimepiga. Haishikwi.

[13:16] Shangazi Zuhura: Kwao bado asubuhi, saa tano na robo. Yuko kazini. Piga tena jioni.

[13:17] Shangazi Zuhura: Na mama, sikumsukuma mtu. Niliuliza tu.

[18:22] Twaha: Nimesikia sauti ya mama. Faraj, nitakupigia mwenyewe nikifika nyumbani. Nasra, mwandikie ejenti leo. Dhamana iwe ya sehemu yako peke yake, pauni 480, na iandikwe inakwisha lini. Muulize pia dipoziti ataiweka kwenye mpango gani wa kuihifadhi kati ya ile iliyoidhinishwa na serikali, na isizidi kodi ya wiki tano. Ajibu kwa maandishi. Asikwambie kwa simu.

[18:23] Shangazi Zuhura: Alhamdulillah! Basi umekubali.

[18:24] Twaha: Nimesema aandikiwe.

[18:25] Shangazi Zuhura: Haya, tumeshukuru. Nasra, mwambie mdhamini yupo. Twaha, tayarisha karatasi za mshahara za miezi mitatu, na huenda wakataka shahidi wa saini. Mkeo nadhani hafai, tafuta jirani. Faraj, kabla mtoto hajaingia hiyo nyumba, weka kodi ya mwezi mmoja mkononi mwa Twaha. Ikae kwake.

[18:31] Faraj: Hilo tutazungumza mimi na yeye.

[18:31] Shangazi Zuhura: Mzungumze leo.

[18:33] Shee: Na ile Nissan chasisi yake bado iko Changamwe. Kuna mtu aliuliza bei ya vyuma

[18:33] Mwanaisha: SHEE

[20:47] Nasra: Ami, ejenti amejibu. Sehemu yangu peke yake asema huenda ikawezekana. Tarehe ya mwisho mpaka amuulize mwenye nyumba, na yuko safarini. Dipoziti hakuigusa. Na Jumatano kuna watu wengine waja kuiona nyumba.

[20:49] Shangazi Zuhura: Hao huwa watisha tu. Usitie saini kitu mpaka nikwambie.

[20:49] Nasra: Sawa shangazi. Lakini wenzangu wanne wadhamini wao washajaza. Wanasubiri mimi.

[20:55] Mjomba Athman: Kwa hivyo mwisho ni Ijumaa au Jumatano?

[21:10] Shangazi Zuhura: Twaha?

[21:12] Shangazi Zuhura: Faraj, mmeongea?

[21:38] Faraj: Tuko kwa simu.

[22:26] Twaha: Nasra, nitumie tena ukurasa wa tatu. Hiyo picha haisomeki.