Naomba ushauri: mdogo wangu apange wapi Jakarta?

Habari wakuu. Mdogo wangu kapata kazi Jakarta, ofisi iko Pluit, kaskazini. Kaonyeshwa chumba karibu na hapo, kodi nafuu, keshaanza kushangilia. Mimi roho inasita. Upande ule ardhi inatitia, visima virefu vimenyonya sana maji ya chini. Pale Muara Baru, mtaa wa pwani jirani na Pluit, maji yakijaa, bahari nyuma ya ukuta inakuwa juu kuliko barabara! Mafuriko ya Januari 2020 nayo sijayasahau.

Akipanga kusini, foleni itammaliza, labda ategemee treni au mabasi ya Transjakarta yenye njia yake.

Mliowahi kuishi huko, achukue ghorofa ya juu kaskazini au avumilie safari? Na mwenye nyumba aulizwe nini kabla ya kulipa?