Mrejesho: Maktaba ya mwanahistoria wa sheria

Ahsanteni sana wakuu. Niliuliza kama vitabu vya marehemu, alivyoiachia taasisi yetu, vitawanywe rafuni kwa mada au vikae pamoja. Vitakaa pamoja, na nakala zinazojirudia hazitolewi mpaka zikaguliwe ukurasa kwa ukurasa.

Sababu kubwa ni alama za msomaji, yaani vitu na maandishi anayoyaacha ndani ya vitabu vyake. Mfano ni John Selden, mwanasheria na mwanahistoria wa sheria wa Uingereza: alifariki 1654, na vitabu vyake takriban 8,000 vikaingia Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1659. Walipovifungua walikuta miwani yake ndani ya kurasa! Msemo wa Kigiriki kuhusu uhuru aliouandika vitabuni ndio unaovitambulisha hadi leo.

Kwa hiyo: piga picha za rafu kabla ya kufungasha. Barua au risiti iliyomo kitabuni iandikwe kwa penseli namba ya kitabu na ya ukurasa, halafu iingie bahasha isiyo na asidi. Klipu za chuma toa zote, zinaacha kutu. Vyenye wadudu viende friza kwenye mfuko uliofungwa kabisa, nyuzi -20 kwa wiki mbili. Vikitoka, msifungue mfuko kwa saa 24, maana unyevu wa hewa hutua kwenye karatasi baridi na ukungu huanzia hapo. Ukungu wenyewe friza haiuui, huulaza tu.

Tulipokwama ni hati ya zawadi: ilitaja "vitabu" peke yake. Daftari za utafiti na hakimiliki zake hazimo, hivyo hatuwezi kuzichapisha mtandaoni. Warithi wamekubali kusaini nyongeza.