Vifaranga vinafika wiki ijayo: ampuli nyekundu ao mbabula?

Mama_Nabintu
Habari zenu wafugaji. Nimeagiza vifaranga vya siku moja, vinavuka mto Ruzizi wiki ijayo. Kwa kuvipasha joto, bado nasita kati ya ampuli (balbu) nyekundu ya wati 250 na mbabula, lile jiko la makala (makaa). Mwenye duka Nyawera, hapa Bukavu, ananiwekea ampuli mpaka kesho jioni, kisha anauzia mwingine. Mashemeji wanasema makala ndiyo bei rahisi. Munishauri haraka, aksanti.

Mzee_wa_Bagira
Karibu mama. Lakini umetuuliza bei ya nyama bila kusema kilo. Vifaranga ni ngapi? Vya nyama ao vya mayai? Nyumba ni ya matofali ao ya mbao? Umeme kwenu unakatika saa ngapi?

Fundi_Ampere
Chukua ampuli, usisite. Inapasha chini yake tu: kifaranga akisikia joto anajitoa pembeni, akisikia baridi anarudi. Makala yanapasha chumba kizima ao yanakiacha kipoe, hakuna katikati. Ampuli ya 250 ikiwaka usiku na mchana inakula kilowati-saa 6 kwa siku, piga hesabu mwenyewe. Kishikio kiwe cha kauri, maana cha plastiki kinayeyuka. Uitundike kwa mnyororo ao waya mgumu, si kwa kamba yake ya umeme, na isikaribie maranda, sentimita 45 hivi. Tena uliza kama imepakwa teflon. Ile ikipata joto kali inatoa hewa inayoua ndege.

Mama_Furaha
Na umeme ukienda saa nane ya usiku, baridi ikiwa imeiva? Mimi natumia bidoni (madumu) za lita tano zenye maji ya moto, nazifunga ndani ya kitenge kikuukuu, naweka moja kila upande wa kartoni. Moshi hakuna, moto hakuna.

Fundi_Ampere
Bidoni inapoa kabla jogoo hajawika. Nani ataamka kubadilisha maji?

Mama_Furaha
Mimi naamka. Wewe lala.

Kuku_wa_Goma
Ngoja niwaeleze habari ya makala, maana naona mashemeji wa Mama Nabintu wanaongea kirahisi.

Shemeji yangu alikuwa na kijumba cha mbao hapa Ndosho. Aliweka mbabula mbili katikati, akazizungushia bati lenye matundu ili vifaranga visiungue. Siku za kwanza zilienda vizuri kabisa, tukamsifu. Usiku mmoja mvua ikanyesha ya kweli, upepo ukawa unapita kwenye nafasi za mbao, na kijana mwenye kulinda akachukua hema la plastiki akaziba kila mahali. Alifikiri anasaidia.

Asubuhi tumefungua mlango. Vifaranga vimetawanyika juu ya maranda, shingo zimenyooka. Baridi ikiua, vifaranga vinapandana kwenye lundo. Pale hakuna kilichokimbilia mwenzake. Kijana alikuwa kwenye mkeka pembeni anatapika, miguu haimbebi, hajui hata ni siku gani. Tulimtoa nje kwa kumbeba, na mpaka jioni kichwa kilikuwa kinamgonga. Moshi haukuwepo hata kidogo! Makala yalikuwa mekundu, safi, yale ambayo kila mama anayataka kwa kupika.

Muzamba
Si ni mazuku hiyo? Huko kwenu Goma hewa mbaya inatoka ardhini.

Kuku_wa_Goma
Hapana ndugu. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, nzito kuliko hewa, inajilaza kwenye mashimo na mabonde ya lava. Ndiyo maana unakuta mbuzi amekufa chini na mtu aliyesimama bado anapumua. Ya makala ni monoksidi ya kaboni. Uzito wake unakaribiana na hewa ya kawaida, basi inajaa chumba kuanzia sakafu mpaka bati, na haina harufu. Kijumba kile kilikuwa juu kwenye mwinuko.

Muzamba
Sawa, lakini nyanya yangu alilea kuku jikoni kwa moto maisha yake yote.

Mzee_wa_Bagira
Jiko la nyanya yako lilikuwa la majani, hewa inapita kila upande. Nenda ukalizibe na hema la plastiki kisha uje utueleze.

Mama_Nabintu
Samahani wazee, nilikuwa sokoni. Vifaranga ni 100. Niko Kadutu, Cimpunda, nyumba ya mbao. Umeme unaenda jioni karibu kila siku, na kurudi ni bahati.

Mzee_wa_Bagira
Mbao, Kadutu, tena na moto usiku! Mama, kule ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Kartoni ikishika, si vifaranga tu vitakavyoungua, ni avenyu nzima, na gari la kuzima moto halipiti kwenye vile vichochoro. Mbabula uisahau. Hata ampuli, mimi ningeogopa.

Fundi_Ampere
Ampuli iliyotundikwa vizuri haina neno. Kwa vifaranga 100 weka mbili za wati 150 badala ya moja ya 250. Moja ikiungua, nyingine inabaki.

Mama_Furaha
Na zote mbili zikizimika jioni? Amesema jioni, Fundi. Soma.

Kasapa_L'shi
Huku Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba baridi inauma. Tunatumia sanduku lililojazwa majani makavu pembeni, na juu vitambaa vya sufu vinaning'inia mpaka mgongo wa kifaranga. Vinajipasha vyenyewe usiku. Ila mimi nalea 20, 25 hivi. Kwa 100 ungetafuta masanduku manne, na wiki ya kwanza bado vinataka digrii 32 hadi 35, kwa hiyo weka bidoni ya mama huyu katikati. Kila wiki unashusha digrii tatu hivi.

Muzamba
Nunua kuku wa kienyeji mwenye kuatamia. Mmoja anafunika 12 mpaka 15. Unaviingiza chini yake usiku, asubuhi anavikubali.

Fundi_Ampere
Kwa hiyo anunue kuku saba, wamletee chawa na ugonjwa wa kideri. Ushauri mzuri.

Muzamba
Kienyeji hafi ovyo kama hao wa kizungu wanaokufa ukipiga chafya.

Mzee_wa_Bagira
Muache hiyo. Mama Nabintu, kifaa chochote utakachochagua, zungusha kartoni iwe duara, isiwe na kona, maana vinapandana kwenye kona na vya chini vinakosa hewa. Kisha chuchumaa utazame. Vikijikusanya na kulia kwa sauti kali, ni baridi. Vikifungua midomo na kushusha mabawa mbali na joto, vimezidiwa. Vikihamia vyote upande mmoja, tafuta tundu la upepo upande wa pili.

Fundi_Ampere
Na umeme wa jioni ungekuwepo kama watu wa Bukavu wangeacha kutupa chupa za plastiki ziwani Kivu. Zinashuka mpaka kwenye bwawa la Ruzizi, zinaziba mashine.

Kuku_wa_Goma
Chupa za Goma nazo mnazihesabu? Maji ya ziwa yanaelekea kwenu.

Muzamba
Nilijua tutafika hapo.

Mama_Nabintu
Nimetoka dukani. Ya 250 imeshauzwa, ijapokuwa aliniahidi. Ananipa mbili za 100, hazina maandiko yoyote kwenye kioo. Nichukue?

Fundi_Ampere
Bila maandiko hapana. Tuma picha ya shingo ya ampuli.

Mama_Furaha
Chukua bidoni. Na kabla hamjarudi kwenye chupa zenu: nani anajua seremala anayetoa maranda bure? Wa hapa ameanza kuuza kwa mfuko.

Kasapa_L'shi
Yasiwe vumbi laini la msumeno. Vifaranga vinalimeza wakidhani ni chakula.

Mama_Furaha
Najua, ya randa. Nauliza wapi.