Naomba ushauri: flake8 inalalamikia _ na ngettext

Wakuu, naomba ushauri. Mradi wa Python unaita gettext.install() yenye names=["ngettext"], hivyo _ na ngettext (funksheni za kutafsiri maandishi) huingia kwenye builtins (majina yanayopatikana kila faili bila import) programu inapoanza. flake8 (kikaguzi cha msimbo) haiendeshi msimbo, inausoma tu, ndiyo maana ilijaza F821 (onyo la jina lisilotambulika) kila kona. Nimeweka builtins = _,ngettext chini ya [flake8] kwenye setup.cfg (pyproject.toml yenyewe huwa haiisomi), kelele zikaisha.

Sasa kasheshe: skripti za folda ya zana haziiti install(), hivyo zikitumia _ zinapita ukaguzi kisha zinaanguka na NameError (jina halipo). per-file-ignores (kupuuza onyo kwa faili fulani) siitaki, itazima F821 nzima, hata jina lililokosewa herufi. Niendeshe flake8 mara mbili, kila folda na --config yake, au kuna njia safi zaidi?