Naomba ushauri: kebo ya nyaya tatu, nne au tano?

Wakuu, habari za jioni. Mafundi umeme nisaidieni. Nataka kufukia kebo kutoka kwenye mita hadi nyumba ya uani, Chanika, kama mita 40 hivi. Umeme ni fezi moja (waya mmoja tu wa moto), volti 230, kwa hiyo naona nyaya tatu zinatosha: moto, nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa usalama), ule wa kijani na njano. Fundi anang'ang'ania nyaya nne, yaani fezi tatu na nyutro, ili nikija kuweka mashine ya kusaga ya fezi tatu tusichimbe tena. Hoja ina uzito, ila bei za Kariakoo zinauma. Na hapo ethi itapita wapi? Ninunue ya nyaya tano, au tuchimbie ethi rodi (fimbo ya chuma ya kuunganisha ethi na ardhi) kulekule uani? Kuna watoto wadogo kule, sitaki kubahatisha.